Kompyuta Iliyogoma Kuwaka Baada ya Umeme Kurudi

Mtu akinipigia simu kuniambia umeme ulikatika, ukarudi, na kompyuta yake haiwaki tena, simuulizi kwanza ni ya kampuni gani wala ina umri gani. Namuuliza: kabla ya leo, ni lini mara ya mwisho uliizima ukaichomoa kabisa ukutani? Wengi hunyamaza kidogo. Kisha hujibu kwamba hawakumbuki, au kwamba ile kompyuta haizimwi, inalazwa tu usiku na kuamshwa asubuhi. Jibu hilo hunipunguzia nusu ya kazi.

Kompyuta ikishawaka na kupata joto inaweza kuendelea kuchapa kazi na kipuri kilichochoka ndani yake kwa miezi mingi, hata miaka. Kazi inayoishinda ni kuanza upya ikiwa ya baridi. Kwa hiyo kipuri kinaweza kuwa kimekufa zamani na mwenye mashine asijue, kwa sababu hakuna aliyewahi kukipa mtihani. Umeme ukikatika ndipo mtihani unapokuja, tena bila taarifa. Ndiyo maana naona kukatika kwa umeme, mara nyingi, hakuui kompyuta. Kunaiumbua. Ziko siku umeme unaunguza kweli, na nitazigusa, lakini anayeanza na imani kwamba kitu kimeungua huishia kununua vipuri kwa kubahatisha. Anayeanza kwa kutafuta mashine imekwamia hatua gani huenda asinunue chochote, au akanunua kimoja tu.

Tuanze na kinachotokea umeme unapoondoka. Ndani ya pawa saplai, kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa volti ndogo za kompyuta, mna kapasita kubwa, kipuri cha kuhifadhi chaji, inayofanya kazi ya mtungi: bomba likikauka, nyumba inaendelea kutumia maji yaliyomo. Mtungi wenyewe ni mdogo. Viwango vya ATX, ambavyo Intel ilivitoa mwaka 1995 na ambavyo kompyuta nyingi za mezani bado zinavifuata kwa namna moja au nyingine, vinadai pawa saplai iliyobebeshwa mzigo ihimili kwa takribani milisekunde 16 au 17 bila umeme wa ukutani. Umeme wa hezi 50 hukamilisha mzunguko mmoja kwa milisekunde 20. Yaani akiba hiyo haifikishi hata mzunguko mmoja. Ndiyo maana taa za nyumba zikipepesa mara moja tu, kompyuta moja hubaki hewani na nyingine iliyo kando yake hujizima.

Akiba inapokaribia kwisha, pawa saplai huondoa ishara kwenye waya wa kijivu, ule unaoihakikishia madabodi, yaani bodi kuu inayounganisha vipuri vyote, kwamba volti zote ziko sawa. Madabodi ikiikosa ishara hiyo husimamisha kila kitu. Diski ngumu nayo ina ujanja wake: sahani zake bado zinazunguka kwa kasi, kwa hiyo mota inageuka jenereta kwa muda mfupi, na umeme huo mdogo unatosha kuvirudisha vichwa vya kusomea mahali pake pa kupumzikia kabla havijagusa sahani. Kwa vyuma, mpaka hapo hakuna kilichoumia. Kwa mafaili yaliyokuwa yanaandikwa wakati huo habari ni nyingine.

Hatari kubwa zaidi iko wakati wa kurudi. Mafriji, pampu na mota zote zilizoachwa zimewashwa kwenye laini moja huamka kwa pamoja. Volti zinashuka, zinapanda, pengine umeme unakatika tena na kurudi ndani ya sekunde chache. Pawa saplai yenye kapasita tupu huvuta mkondo mkubwa sana kwa kitambo kifupi ili kuijaza. Nyingi zina kipande kidogo cha kuuzuia mkondo huo, na kipande hicho huzuia vizuri kikiwa cha baridi tu. Umeme ukienda na kurudi harakaharaka kinakuwa bado cha moto, na mkondo unapita karibu bila kizuizi. Hapo ndipo fyuzi ya ndani na diodi huungua. Kama kuna sauti ya "pa!" na harufu ya kuungua, usiendelee kuwasha ili kuhakikisha. Umeshahakikisha.

Shemeji yangu mmoja ana kompyuta ya mezani anayofanyia hesabu za kazi yake. Alinipigia siku umeme uliporudi baada ya kukosekana tangu alfajiri.

"Shemeji, imekufa. Nimebonyeza mpaka kidole kinauma."

Nikamwambia aache kubonyeza, achukue taa ya mezani, aichomeke kwenye tundu lilelile ambalo kompyuta imechomekwa. Alikasirika kidogo; alidhani namfanyia mzaha. Lakini hatua hii inadharauliwa kupita kiasi. Ekstensheni zenye kinga zina swichi inayojikata umeme ukizidi. Plagi nyingine zina fyuzi ndani yake. UPS, kile kisanduku chenye betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, ikichoka betri hugoma kuwaka hata umeme ukiwa umerudi vizuri, na kompyuta iliyochomekwa humo inaonekana maiti kumbe haijapata hata tone la umeme. Nimeshaona kompyuta nzima ikisafirishwa kwa fundi kwa sababu ya UPS ya aina hiyo. Nyaya ndefu za kuunganisha pawa saplai na ukuta ni za aina moja kwa vifaa vingi, kwa hiyo ile ya monita inaweza kuazimwa kwa jaribio. Na nyuma ya kasha kuna swichi ndogo ambayo mtu aliyeinama gizani kutafuta plagi anaweza kuigusa bila kujua. Pawa saplai za zamani zina pia swichi nyingine nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230. Hiyo usiiguse kabisa, kwa sababu ikiwekwa kwenye 115 mahali ambapo umeme ni wa 230, kitakachofuata ni moshi.

Taa ya shemeji iliwaka. Kwa hiyo tatizo lilikuwa ndani.

Hapo inabidi ujue kitu kimoja kuhusu kitufe cha kuwashia. Kwenye kompyuta hizi kitufe hakikati wala kuunganisha umeme. Kinatuma ombi tu kwa madabodi, na madabodi ndiyo inayoiamuru pawa saplai iamke. Ili ombi lisikike lazima madabodi iwe na umeme kidogo hata kompyuta ikiwa "imezimwa", na umeme huo, volti 5, hupita kwenye waya wa zambarau saa zote ambazo plagi iko ukutani. Maana yake sehemu hiyo ya pawa saplai hailali kamwe. Usiku, sikukuu, mwenye nyumba akisafiri, yenyewe iko kazini, na kapasita zake zinakauka taratibu ndani ya kasha lenye joto. Ndiyo moja ya sehemu zinazotangulia kuchoka.

Madabodi nyingi zina kitaa kidogo kinachowaka umeme huo ukiwepo. Nilimwomba shemeji aufungue ubavu wa kasha, achungulie bila kugusa kitu, aniambie kama anaona kitaa chochote. Hakukuwa na kitu. Hilo linasema mengi: kama hata ule umeme wa akiba haufiki, hakuna haja ya kuwaza RAM (vijiti vya kumbukumbu ya muda) wala diski wala Windows. Bado tuko kwenye pawa saplai, au kwenye kitu kinachoivuta chini.

Kabla ya kuihukumu, kuna dawa ambayo kila mtu huitaja na wachache huieleza: chomoa waya ukutani, shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, chomeka tena. Si uganga. Pawa saplai ina ulinzi ndani yake. Ikihisi volti zimezidi au kuna shoti, hujifunga, na nyingi zikijifunga hazifunguki mpaka umeme wa ukutani uondoke kabisa na kapasita ziishiwe chaji. Kubonyeza kitufe wakati waya umechomolewa huimaliza chaji iliyobaki haraka zaidi. Ukiona feni inashtuka kidogo wakati unabonyeza bila waya, usiogope, ndiyo chaji ya mwisho inatoka. Kisha acha dakika kadhaa zipite. Kompyuta nyingi nilizoitiwa zimeamka hapa na mwenyewe akabaki anacheka.

Ya shemeji haikuamka. Nilipofika nilijaribu pawa saplai niliyoitoa kwenye kompyuta nyingine, na mashine ikawaka mara ya kwanza. Diski salama, madabodi salama, hesabu zake zote zipo. Kilichokufa ni ile sehemu ya volti 5 isiyolala, na sidhani kama ilikufa siku ile. Kapasita iliyokauka hufanya kazi kwa kusuasua ikiwa ya moto, ikipoa inashindwa. Fundi mmoja mzee niliyemfahamu alikuwa na tabia ya kupuliza hewa ya moto ya kikausha nywele kwenye matundu ya pawa saplai iliyogoma. Ikiwaka baada ya kupashwa joto, alisema ugonjwa umejitaja wenyewe. Alitumia njia hiyo kupima tu, akishajua, anaibadilisha. Kuna wanaoifanya ndiyo tiba ya kila asubuhi, na hao naona wanacheza na mafaili yao.

Wenye mita ya kupimia volti wanaweza kupima zaidi. Pawa saplai ikiwa imechomolewa kutoka kwenye madabodi na kila kifaa, ukiunganisha waya wa kijani na wowote mweusi kwenye plagi yake kubwa kwa kipande cha waya, halafu ukaipa umeme, inatakiwa iamke. Nyaya za njano ziwe kati ya volti 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25, za machungwa karibu na 3.3. Zingatia mambo mawili. Feni kuzunguka hakuthibitishi kwamba volti ni nzuri. Na feni kutozunguka hakuthibitishi kifo, kwa sababu pawa saplai za kisasa nyingine haziizungushi mpaka zipate mzigo. Pia pawa saplai inaweza kutoa volti safi ikiwa haina mzigo kisha ikaanguka ukiipa kazi, kwa hiyo kujaribisha nyingine nzima bado ndiyo njia ninayoiamini zaidi.

Kulifungua kasha la pawa saplai yenyewe ni marufuku kwa asiye fundi wa umeme. Ile kapasita kubwa hukaa na volti zaidi ya 300, na inaweza kubaki nazo muda baada ya waya kuchomolewa. Huo ni umeme wa kuua. Mimi natengeneza kompyuta na bado sizifungui.

Kuna mashine nyingine ambayo ukibonyeza kitufe feni zinazunguka kidogo kisha zinasimama. Wenyewe huisimulia kwa huzuni zaidi kuliko ile ya kimya kabisa, na mimi naipokea kwa furaha, kwa sababu inazungumza. Umeme upo, ombi limesikika, pawa saplai imejaribu, imehisi shoti au mzigo isiouweza, ikajizima. Kazi iliyobaki ni kumtafuta anayeleta shoti, na njia yake ni kupunguza. Chomoa kila kitu cha nje, hata kipanya. Ikiwaka, rudisha kimoja kimoja. Isipowaka, ingia ndani: toa diski zote, kadi ya picha kama prosesa yako ina picha yake yenyewe, RAM zote isipokuwa kijiti kimoja. Kila unapotoa kitu, waya uwe umechomolewa ukutani.

Hapa ndipo nilipojifunza kutazama waya wa mtandao. Watu wanalinda plagi ya umeme kwa ekstensheni ya gharama, kisha wanasahau kwamba kompyuta ina milango mingine ya kuingilia. Radi ikipiga karibu, au umeme ukirudi kwa kishindo kwenye ruta, nguvu hiyo hupita kwenye waya wa mtandao mpaka kwenye madabodi. Pawa saplai inakuwa haina hata mkwaruzo na madabodi imeungua pembeni, pale tundu la mtandao lilipo. Ukikuta tundu hilo limekufa lakini kompyuta inawaka, shukuru na ununue adapta ya mtandao ya USB.

Ikiwa feni zinazunguka na kuendelea, taa zinawaka, lakini skrini ni nyeusi, hakikisha kwanza kwamba monita yenyewe imerudi. Baadhi ya monita zikikatiwa umeme hubaki zimezimwa mpaka uzibonyeze, na nyingine husahau zilikuwa zinasoma tundu gani. Baada ya hapo sikiliza. Madabodi yenye spika ndogo hupiga milio, na kila mtengenezaji ana hesabu yake ya milio, kwa hiyo soma kitabu cha madabodi yako badala ya orodha ya jumla uliyoikuta mahali. Nyingi kati ya zilizo mpya zaidi zina vitaa vinne vinavyoonyesha kama imekwama kwenye prosesa, RAM, picha au diski. Kitaa cha RAM kikibaki kinawaka, toa vijiti, vipanguse sehemu ya rangi ya dhahabu kwa kitambaa kikavu, uvirudishe mpaka usikie vimeshika. Inafanya kazi mara nyingi kuliko inavyostahili. Ila kama mashine ni ya RAM za DDR5, yaani kizazi cha tano, na mipangilio yake imefutika, iache. Inajipima upya, na kupima huko kunaweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi tii. Mtu asiye na subira huizima katikati, inaanza upya, anaizima tena, na kufikia jioni ameshaamini madabodi imekufa.

Sasa nije kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu ndani yake hakuna kilichoungua hata kidogo. Mwalimu mmoja wa zamani, mtu mzima ninayemheshimu, aliniita kwamba kompyuta yake inawaka, inaonyesha nembo, kisha inasema haioni diski ya kuanzia. Alishaambiwa na mtu kwamba diski imekwenda na picha zake zote.

"Mwanangu, niambie ukweli. Zimepotea?"

"Mwalimu, ngoja kwanza. Hii saa nani ameibadilisha?"

Nilikuwa nimeingia kwenye BIOS, programu ya madabodi inayoanza kabla ya Windows, na kuona tarehe imerudi nyuma miaka mingi. Kwenye madabodi mna betri ya duara bapa, CR2032, ya volti 3. Inatunza saa na mipangilio wakati kompyuta haina umeme kabisa. Lakini kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani, saa hiyo inalishwa na ule umeme wa waya wa zambarau, na betri inapumzika. Kwa hiyo betri inaweza kufa, na kompyuta isiyochomolewa kamwe isionyeshe dalili yoyote kwa muda mrefu. Umeme ukikatika kwa saa chache, saa inasimama na mara nyingi mipangilio inarudi ilivyotoka kiwandani. Diski inakuwepo, ila BIOS haijui tena ianzie wapi. Au ilikuwa imewekwa kuisoma diski kwa RAID na sasa inaisoma kwa AHCI, ambazo ni namna mbili tofauti za kuwasiliana na diski, au kinyume chake, na Windows inaanza kisha inaanguka kwa skrini ya bluu.

Kumbe ndiyo hivyo tu. Betri mpya, tarehe, mpangilio wa diski, kisha kuichagua diski yake iwe ya kwanza. Mwalimu aliziona picha zake na kuanza kunisimulia moja baada ya nyingine, na nikakaa kusikiliza.

Mtu asiyejua habari ya betri anaweza kuhangaika na kisa hiki kwa upande mwingine kabisa. Kompyuta inawaka vizuri, lakini kivinjari kinakataa kurasa karibu zote kwa madai kwamba si salama. Hiyo ni tarehe. Vyeti vya usalama vya kurasa vina siku ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inayodhani tuko miaka kumi nyuma inaona vyeti vyote havijaanza. Rekebisha saa, kurasa zinafunguka.

Tahadhari moja kabla hujafuta mipangilio ya BIOS kwa makusudi, jambo ambalo mafundi wengi hulipendekeza harakaharaka. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba kila kilichomo kwenye diski, mabadiliko ya mipangilio ya usalama yanaweza kuifanya Windows iombe ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48 kabla ya kukuruhusu kuingia. Watu wengi hawajui hata kwamba diski yao imefungwa. Baadhi ya kompyuta hutoka dukani hivyo, na ufunguo unakuwa umehifadhiwa kwenye akaunti yao ya Microsoft. Utafute kwanza kwa simu, uuandike, ndipo uguse BIOS.

Baada ya vyuma kuna mafaili. Mifumo ya kupangia diski tunayotumia leo, NTFS kwenye Windows na ext4 kwenye Linux, huandika kwenye daftari lake kile inachotaka kubadilisha kabla ya kukibadilisha. Umeme ukikatika katikati, ikiwaka inasoma daftari na kumalizia au kufuta kilichokuwa nusu. Watu husikia hivyo wakadhani kazi yao iko salama. Daftari hilo hulinda mpangilio wa diski: majina, folda, nani yuko wapi. Yaliyomo ndani ya waraka uliokuwa unauhifadhi dakika ile hayana ahadi hiyo, na unaweza kuukuta una jina lake na ukubwa wake na ndani hamna kitu cha maana.

Windows ikishindwa kuanza mara mbili mfululizo huingia yenyewe kwenye sehemu ya ukarabati. Iache ifanye kazi yake mara moja. Ikizunguka palepale bila mwisho, mimi siendelei kuilazimisha. Naitoa diski, naiunganisha kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya USB, nanakili mafaili ya mwenyewe kwanza, ndipo narudi kwenye ukarabati. Watu hawapendi mpangilio huu kwa sababu wanataka kuona kompyuta ikiwaka, na kunakili kunachosha. Lakini chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, ikiambiwa irekebishe huandika kwenye diski, na diski inayokufa ikiambiwa ijikarabati inaweza kumalizia safari hukohuko. Ukisikia diski ngumu inagonga kwa mdundo, tak, tak, tak, izime. Kila dakika inayozunguka inapunguza nafasi ya mtaalamu kuokoa kitu.

SSD, diski isiyo na sahani wala kitu chochote kinachozunguka, haina vichwa vya kugonga, ila ina udhaifu wake. Inatunza ramani ya kila kipande cha taarifa kiko wapi, na ramani hiyo ikikatiwa umeme inapoandikwa, diski nzima inaweza kutoweka kwenye BIOS kana kwamba haikuwahi kuwepo. Za kazi nzito za seva nyingi huwekewa kapasita za kuisaidia imalizie kuandika. Za kawaida kwa kawaida hazina. Kwa zile zinazotumia waya wa SATA, baadhi ya watengenezaji wameelekeza kuipa umeme tu bila waya wa data kwa dakika ishirini hivi, ili ijipange upya yenyewe. Nimewahi kuona inarudi. Nimewahi pia kusubiri bure.

Laptopi sitaziongelea sana. Betri yake ni UPS ya kujitegemea, kwa hiyo umeme ukikatika haijali, na mara nyingi kinachokufa umeme ukirudi ni adapta. Laptopi inafanya kazi mpaka betri inaisha, ndipo mtu anasema imekufa ghafla. Pima adapta, au azima nyingine yenye volti zilezile na wati zisizopungua. Ikigoma bado, chomoa adapta, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe nusu dakika, rudisha adapta peke yake bila betri, jaribu.

Kuhusu kujikinga, nina maneno machache na moja kati yake ni la bure: umeme ukikatika, chomoa. Usirudishe plagi mpaka umeme uwe umetulia dakika kadhaa, maana mara nyingi ukirudi unarudi mara mbili. Ekstensheni yenye kinga ni nzuri, lakini kipande kinachofanya kinga huliwa kidogo kidogo na kila pigo kinalolimeza, na siku kikiisha ekstensheni inaendelea kupitisha umeme kama kawaida. Nyingi zina kitaa cha kuonyesha kinga bado ipo. Hakitazamwi na mtu. UPS ni bora zaidi, mradi ujue betri zake za madini ya risasi huishi miaka mitatu hadi mitano hivi, na kwamba pawa saplai nyingine za kisasa hazipatani na UPS za bei nafuu ambazo umeme wake wa betri hauna wimbi laini. Umeme ukikatika UPS inalia na kompyuta inazima vilevile.

Halafu ingia BIOS utafute mpangilio unaosema kompyuta ifanye nini umeme ukirudi: ibaki imezimwa, iwake, au irudie hali iliyokuwa nayo. Wengine wameukuta umewekwa kuwaka na hawajui, kwa hiyo mashine inapokea lile pigo la pili la umeme ikiwa katikati ya kuanza, diski ikiwa inaandikwa. Kama ni kompyuta ambayo hakuna mtu karibu nayo na lazima irudi yenyewe kazini, iwekee UPS na uiache iwake. Zote nyingine ninazozishika naziweka zibaki zimezimwa, hata mwenyewe akinung'unika kwamba sasa itabidi ainuke kuibonyeza.